Mtungi wa Kupigia Picha

Mama Pacha alipandisha kilima na mtungi mtupu kichwani, akijiyumbisha kama mwenye mzigo mzito. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya na kampuni ya utalii. Mabasi ya wageni yanapowasili kutoka mji wa pwani, yeye na wenzake hushuka chemchemini, huinama, huchota hewa, kisha hupanda taratibu wapigwe picha. Maji ya kweli ni marufuku mtungini: yakimwagika njiani mgeni atateleza, na mgeni akiteleza kampuni haina mchezo.

Chemchemi hiyo ndiyo iliyomlea. Sasa ina uzio na geti, kwa ridhaa ya mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku hizi hatembei tena kwa miguu ila kwa gari. Wanakijiji wameachiwa kisima cha maji ya chumvi bondeni. Na chumvi hiyo ndiyo iliyomkosesha Mama Pacha usingizi, maana mamamkwe wake alikuwa kitandani tangu apooze, mgongo wote vidonda. Akioshwa kwa maji yale hupiga kelele mpaka majirani husogea dirishani. Tangu juzi amekataa kabisa kuguswa.

"Si wanasema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge?" alinong'ona mwenzake wa nyuma, akivuta shuka walilovalishwa. "Sisi tumeyavulia nguo, kuoga tumekatazwa."

Wengine walicheka kwa kubana midomo. Mama Pacha hakuwa na cheko. Leo mtungi wake ungefika nyumbani na maji, liwalo na liwe.

Mitungi ilikuwa yao wenyewe. Kampuni haikuwanunulia hata kata. Ila jioni, kabla hawajatoka, mlinzi wa geti huipindua mmoja mmoja kuhakikisha hakuna aliyeiba maji. Mlinzi huyo ni shemeji yake, mtoto wa yule yule mgonjwa.

"Shemeji, leo usinipindulie," alikuwa amemwambia asubuhi. "Maji ni ya mama yako."

"Unataka nile wapi, shemeji? Yule bwana anatuangalia."

"Wewe tazama pembeni tu. Hata kutazama pembeni nako kumekatazwa?"

Akakuna kidevu. "Haya. Njoo na kundi la mwisho."

Yule bwana ni msimamizi. Walimbandika jina Tabasamu, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia kutwa nzima.

Kundi la mwisho liliposhuka, Mama Pacha alijaza mtungi mpaka shingoni. Ulimwelemea, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kuigiza. Alikuwa amekaribia geti pale mgeni mmoja, mwanamke mwenye viatu vya wazi, alipokanyaga tope. Akaonyesha mtungi, akasema jambo kwa lugha yao.

"Anaomba umwoshe miguu," mwongozaji alitafsiri. "Anasema itakuwa kumbukumbu nzuri."

"Mwambie mtungi hauna kitu."

Lakini maji yalikuwa yakimtiririka shavuni, na Tabasamu alikwishafika. Aliutazama mtungi, akamtazama mgeni. Mama Pacha akangoja kufukuzwa.

"Mwoshe," alisema. "Na tabasamu."

Akapiga magoti. Tope lilitoka mara moja, ila mgeni alifurahi, akawaita wenzake, nao wakajipanga na miguu yao mikavu, misafi, isiyodai maji. Aliwaoshea wote mpaka mtungi ukaisha. Maji yaliteremka njiani yakapotelea mchangani. Hakuna aliyeteleza.

"Mambo si ndiyo haya!" Tabasamu alimwambia mwongozaji. "Kuanzia kesho, kila basi."

Basi likaondoka na wageni wakipunga mikono.

"Bosi, naomba nijaze tena. Nina mgonjwa nyumbani."

"Kazi ya leo imekwisha, mama. Maji utayachota kesho."

"Ya wageni?"

"Ya nani tena?" Akabaki hapo hapo getini, mikono mfukoni.

Shemeji hakumtazama usoni. Aliupokea mtungi, akaupindua kama alivyoamriwa. Matone machache yakadondokea kiatu chake.

"Mama hajambo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ananuka," alijibu Mama Pacha.

Shemeji akamrudishia mtungi. Kisha akafunga geti, akalivuta kuhakikisha limeshika. Nyuma ya uzio maji yaliendelea kububujika.