Doa la Kona ya Juu

Bibi aliwasha tochi, akaielekeza nyuma ya lenzi, akafumba jicho moja.

"Bibi, unanunua lenzi au unamkagua mkwe?" fundi kamera akamtania.

"Mkwe huja na maneno matamu. Hii haisemi kitu, lazima niichungulie."

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, mpiga picha wa mtaa mzima. Kwanza zungusha pete, usikie kama kuna mchanga unaosaga. Kisha nusa, maana ukungu pua huujua kabla ya jicho. Mwisho, mulika. Mzee aliiuza lenzi yake alipougua. Kamera ikabaki nyumbani, uso wazi, na tangu mazishi bibi amekuwa akizunguka maduka ya vitu vikuukuu kuitafuta lenzi ile ile.

Si kwamba ilikuwa nzuri. Enzi za uchumba wao, akimpiga bibi picha, bwana alicheka mno mpaka lenzi ikamponyoka, kioo cha nyuma kikamegeka. Tangu hapo kila picha ilitoka na doa jeupe kona ya juu. Harusi, watoto, wajukuu, doa lipo. Wateja wakinung'unika, mzee aliwaambia, "Hilo ni mimi. Na mimi nataka kuwemo." Na kweli, picha yake mwenyewe hakuacha hata moja.

"Hiyo ni safi, bibi, haina hata mkwaruzo," fundi akasema.

Bibi akaigeuza polepole. Pembeni mwa kioo cha nyuma palikuwa na pengo dogo, kama ukucha wa mtoto mchanga.

Fundi naye akaliona, uso ukamshuka. "Nisamehe, bibi, wallahi sikuliona. Ngoja nikutolee nyingine, nzima."

"Nzima ya nini? Nifungie hii hii."

Nyumbani aliipachika kwenye kamera, ikaingia kwa mlio ule aliouzoea. Akaiweka mezani, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Akanyoosha mtandio, akainua kidevu kidogo, vile alivyokuwa akielekezwa. Akasubiri.



"Haya, bonyeza basi," akasema. "Shingo inaniuma."

Alikaa hivyo mpaka mwanga ukapungua dirishani. Kisha akanyanyuka, akatafuta kifuniko, akaifunika lenzi isiingie vumbi.