Si Kumi

Jumanne, giza likianza kushika, Getzel mtunza sinagogi alisimama kando ya jiko la matofali akawahesabu wanaume kwa kidole chake kilichopasuka kwa baridi.

"Si mmoja. Si wawili. Si watatu."

Pale kijijini Dolinka mtu hahesabiwi kama kuku. Jicho baya likisikia hesabu ya watu huja kuchukua fungu lake. Alipofika "si tisa" kidole kikabaki hewani.

"Hatujatimia," akasema. "Vitabu vifungwe."

"Vijana wote wamekimbilia Amerika," akalalamika Lemel, mwoka mikate.

"Basi simamisha mkate wako mmoja hapo mstarini. Una mifupa mingi kuliko wewe," Getzel akamjibu.

Nyuma ya wavu wa mbao, upande wa wanawake, Hinde alisimama peke yake. Ukosi wa gauni lake ulikuwa umechanwa kwa msiba. Baba yake, Berish fundi cherehani, alikuwa na wiki mbili kaburini, na hakuacha mtoto wa kiume. Kila jioni Hinde alikuja na Kaddish, sala ambayo yatima humsomea mzazi wake, ameihifadhi neno kwa neno. Kila jioni alirudi nayo nyumbani. Wasipotimia wanaume kumi haisomwi. Na wakitimia, msichana haisomi.

Mlango ukafunguka, Berish akaingia.

Alikuwa amevaa sanda na shali yake ya sala, ile iliyokatwa tamvua moja kama inavyokatwa ya kila anayezikwa. Akakung'uta theluji miguuni. Wanaume walipomwona, waliyafutika matamvua yao ndani ya makoti, maana tamvua ni ukumbusho wa amri za Mungu, na si adabu kumringia marehemu amri ambazo yeye hawezi tena kuzitimiza.

"Funga mlango, Berish," akasema Getzel. "Baridi inaingia."

"Maiti naye anahesabiwa?" akauliza Lemel.

Getzel akajikuna ndevu. "Sheria inataka mwanamume, Myahudi, aliyevuka miaka kumi na mitatu. Huyu ni mwanamume, ni Myahudi, na kumi na mitatu aliivuka mimi bado nina nywele. Habari za kupumua sikumbuki kuzisoma popote." Akamnyooshea kidole. "Si kumi. Tuanze."

Walisali. Zamu ya Kaddish ikafika.

"Nitasoma mimi," Hinde akasema nyuma ya wavu. "Ninaijua yote."

"Mwanangu, tunajua kwamba unaijua," Getzel akamjibu kwa upole, kisha akamgeukia Berish. "Jisomee mwenyewe, bwana. Wewe huna ndugu wa karibu kuliko wewe."

Berish akafungua kinywa. Wafu hawana sauti. Kilichotoka ni kibonge cha udongo, kikaanguka sakafuni. Akainamisha kichwa. Hinde hakuweza kumtazama baba yake akiaibika mbele za watu. Akaanza kusoma, polepole, na maneno yake yakatokea kinywani mwa Berish. Wanaume wakaitikia amina pale panapoitikiwa.

"Sauti imekulainika tangu ufe," Lemel alimwambia baadaye. "Inakupendeza."

Ikawa hivyo kila jioni. Baada ya sala baba na binti waliongozana nyumbani. Sanda hushonwa bila fundo hata moja, kwa hiyo mwendo ule uliifumua begani. Hinde alimketisha kwenye kigoda, akamshonea ikiwa mwilini, na kila mara alimpa kipande cha uzi akitafune, kama anavyopewa yeyote anayeshonewa nguo aliyoivaa.

"Tafuna, Baba. Nisije nikazishona na kumbukumbu zako."

Marehemu hawashurutishwi na desturi. Berish alitafuna hata hivyo, macho yakicheka.

Kaddish husomwa miezi kumi na mmoja. Miezi kumi na miwili ni ya waovu, ambao hukumu yao huchukua mwaka mzima, na hakuna mtoto atakaye kumsingizia baba yake. Jioni ya mwisho Berish aliutoa uzi kinywani, akamwekea Hinde kiganjani. Akagusa mezuza, kijisanduku cha maandiko matakatifu kwenye mwimo wa mlango, akavibusu vidole, kisha akamgusa binti yake kipajini kwa vidole vilevile. Akapanda njia ya makaburini, bega lake limeshonwa vizuri.

Kesho yake Getzel alihesabu. "Si mmoja. Si wawili." Alipofika "si tisa" kidole kikabaki hewani. Kikapita juu ya jiko, kikapita juu ya viti vitupu, kikafika kwenye wavu. Kikatua hapo kidogo.

"Tutaikosa sauti ile," akasema Lemel.

"Ile sauti, kweli," akasema Getzel, bado akiutazama wavu. Akakishusha kidole. "Hatujatimia. Vitabu vifungwe."

Hinde akatia uzi kinywani, akautafuna njia nzima hadi nyumbani, asije akasahau hata neno moja.