Vugo Bila Harusi

Muziki wa bure una masharti kuliko wa kulipia. Mimi Huwaida nimeyajua hayo kwa kuchapwa.

Hoteli moja ya kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Amu kwetu, ilinipa kazi ya kuwatengenezea video za mtandaoni, kwa majaribio. Ya kwanza niliitilia taarabu niipendayo. Mtandao ukainyamazisha kwa haki za mtunzi kabla watu hawajaiona. Ya pili nikatafuta muziki wa bure, nikaupata, kumbe bure yenyewe ni kwa wasiofanya biashara, na hoteli si madrasa. Nayo ikanyamazishwa. Wairimu, meneja wao, akaniambia kwa upole unaouma, "Huwaida, ya tatu ikizimwa nitachukua mtu wa Mombasa."

Nami kazi hii naitaka. Tangu posa yangu na Jaafar ivunjike, mtaa mzima wanitazama kama sahani iliyorudishwa na chakula chake. Kamera ndiyo inayonitoa nyumbani nikiwa na pahali pa kwenda.

Basi nikakaa na kompyuta asubuhi nzima. Nikaandika "Kiswahili", nikaletewa ngoma za kufukuzia simba. Nikaandika "Kiarabu", nikaletewa jangwa na ngamia. Mwisho nikapata udi mtamu, nikasoma masharti: nisiukate, nisiubadilishe. Video yangu ya dakika moja, muziki wa dakika saba. Niliifunga kompyuta kwa kishindo hata mama akatoka jikoni.

Mama yangu, Bi Thuwaiba, hajui habari za haki za watunzi wala hataki kuzijua. "Kwani vugo lina mwenyewe?" akauliza nilipomweleza. "Pembe zangu zi kabatini. Sisi twapiga, wewe warekodi. Nani atakudai?"

Nikachukua kinasa sauti changu. Akamwita shangazi Umulkheir na jirani yetu Mwanamkisi, tukapanda darini. Nikawapa sharti moja: pembe tu, sauti ya mtu hapana. Hawa ni wanawake wanaoimbia wanawake wenzao, hawaimbii watalii. Wakakubali, wakazipiga zile pembe za nyati kwa vijiti vyao, vugo la wanawake, mwendo uleule ninaoujua tangu utotoni.

Sijui akili yangu niliiacha wapi siku ile. Vugo likilia Amu ni harusi, halina maana nyingine. Hatujamaliza, watu washajaa mlangoni. "Hongera Bi Thuwaiba, ni mwana wa nani?" Bi Ghada wa nyumba ya pili alinuna kwa kutoalikwa. Nikasimama ngazini nikieleza: muziki wa bure, mtandao, hoteli. Waliniitikia "haya, haya," wakaendelea kumtafuta bwana harusi kwa macho. Nilitaka kulia kwa hasira.

Nikaingia chumbani kusikiliza nilichorekodi. Mwisho kabisa, mama kaimba. Kavunja sharti mbele ya kinasa sauti, nami nilikuwa nimeshashuka kugombana na wageni. Ni wimbo wa kumtoa bibi harusi, na palipo jina lake katia langu.

Nilikuwa nimechoka nao wote. Nikaunganisha picha na sauti hivyo hivyo, nikamtumia Wairimu aone nilipofika. Akapiga simu hapo hapo. "Ndiyo hii. Huyo anayeimba ameruhusu?"

"Sauti hiyo naikata," nikamwambia.

"Ukiikata, sina haja nayo. Nitafutie ruhusa yake."

Nikamfuata mama jikoni, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamweleza kila kitu kwa ukali: sauti yake itasikiwa na wanaume, na wageni, na dunia, na jina langu limo. Nikangoja akatae ili nipate wa kumlaumu. Aliikuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Iwate, usiikate," akasema. "Wimbo ule niliuweka niuimbe siku yako. Siku yenyewe sijui kama nitaiona. Na uende basi."

Maneno ya kumgombeza nilikuwa nayo tele. Nikatoa simu nikamwandikia Wairimu: Mwenye wimbo ameruhusu.