Kiti cha Mbele cha Annie

Kisiwani Garrow mwanamume hakupimwa kwa ukubwa wa shamba wala kwa wingi wa kondoo. Alipimwa kwa magurudumu ya Annie.

Annie ilikuwa ndege ya injini mbili, ya enzi za vita. Ilitengenezwa ili vijana wa jeshi la anga wajifunzie kutafuta njia mawinguni na kudondosha mabomu ya mchanga baharini. Vita vilipokwisha ikauzwa kwa bei ya kutupa, ikapakwa rangi ya maziwa na kufungwa viti vilivyong'olewa kwenye basi bovu. Tundu la juu, alipokuwa akikaa mpiga bunduki, likazibwa kwa ubao. Ubao ulivuja. Sasa ilivuka bahari kati ya Garrow na mji wa Launceston ikiwa na abiria, magunia ya kambakoche na, msimu ukifika, mapipa ya vifaranga vya ndege wa baharini vilivyotiwa chumvi.

Jeshi halikujisumbua kuipa mtambo wa kukunja magurudumu. Kando ya kiti cha rubani palikuwa na mkono wa chuma, unauzungusha kama unayechota maji kisimani, mizunguko mia na ushee. Aliyekaa kiti cha mbele ndiye aliyezungusha. Enzi za jeshi alikuwa kuruta. Siku hizi alikuwa yeyote aliyekata tiketi.

Na kwa kuwa Garrow hapakuwa na sinema, watu walisimama kwenye ua wa uwanja wa ndege kutazama. Magurudumu yakimezwa kabla ndege haijapita Mwamba Mweupe, aliyekaa mbele ni mwanamume. Yakipita yananing'inia, mwenyewe asikanyage baa mpaka Krismasi. Kasisi mmoja aliyeshindwa aliomba uhamisho, ingawa yeye alisingizia baridi yabisi.

Clarrie Pridmore hakuwahi kushindwa. Ndiyo maana asubuhi ile mkewe, Rhona, hakuona ajabu yoyote. Mume alisema anavuka kwenda kumwangalia kondoo dume anayeuzwa. Rhona akasema anamfuata, ana haja ya mapazia. Alipomwona amevaa tai alimuuliza kama huyo kondoo anakwenda kumnunua au kumposa.

Uwanjani, rubani Ross Kinnear alimsogelea Clarrie na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba leo wanaweza kuyaacha magurudumu yaning'inie tu, safari yenyewe fupi. Rhona alikuwa na masikio ya popo.

"Heh, Ross," akasema, kwa sauti ya kufika uani. "Huyu unamwona mume wangu au bibi yangu?"

Ua mzima ukacheka. Clarrie naye akacheka, ila alichelewa kidogo, kisha akapanda na kukaa mbele.

Walikuwa abiria wao wawili tu na kambakoche. Rhona alikaa nyuma, gazeti juu ya kofia kwa ajili ya lile tundu. Annie ikakimbia, ikarukaruka, ikaiacha ardhi. Kutoka pale alipokaa aliona kiwiko cha Clarrie tu, kinapanda, kinashuka, kinapanda. Mwamba Mweupe ukapita chini yao na kiwiko kikatulia. Amemaliza, Rhona akajisemea, na kichwa kitamvimba mpaka kofia isimtoshe.

Akamwita amtanie. Clarrie hakugeuka. Alikuwa ameegemea dirisha kama mtu anayetafuta kitu huko chini. Aliyegeuka ni Ross, na uso wake haukuwa uso wa utani.

"Rhona, njoo mbele. Polepole, usiiyumbishe ndege."

Alikwenda ameshika migongo ya viti. Uso wa Clarrie ulikuwa umebadilika rangi, kijivu kama majivu yaliyomwagiwa maji, na jasho linamchuruzika mpaka kwenye ile tai. Alikuwa anapumua, lakini kwa vipande vipande, kama kondoo aliyetoka mikononi mwa mnyoaji.

"Ni moyo," Ross akasema.

"Moyo upi?" Rhona akauliza, kana kwamba mumewe alikuwa nayo kadhaa.

Ikabidi Ross aseme yote, macho yake mbele. Hakuna kondoo dume anayeuzwa. Clarrie ana kitanda kinachomngoja hospitali ya Launceston, nesi wa kisiwani ndiye aliyempangia. Ross aliambiwa na kuapishwa, kwa sababu rubani lazima ajue amebeba nini.

Rhona alisikia maneno yanaingia lakini hayakupata pa kukaa. Kwa hiyo wewe unajua, akasema, na nesi anajua.

"Na mwenye baa," Ross akaongeza. Alikuwa mtu ambaye akiogopa hawezi kuficha kitu.

"Na ukamwacha azungushe."

Ross akaunyoosha usukani. "Nilimwambia tuyaache. Ulikuwepo, Rhona."

Kama angempiga kofi, ingekuwa afadhali. Rhona alipiga magoti katikati ya viti viwili. Alisikia kicheko cha uani, chote, kuanzia mwanzo, na mwishoni kabisa kile cha Clarrie kilichochelewa.

Ross alikuwa akimuuliza jambo. Alirudia: wageuze au waendelee? Garrow ilikuwa bado inaonekana nyuma, lakini Garrow kulikuwa na nesi na kabati lake la bandeji. Launceston kulikuwa na madaktari, lakini kulikuwa na bahari nzima kabla yake. Rhona alimtazama mumewe kifuani.

"Mbele," akasema.

Ross akaita kwenye redio kuomba gari la wagonjwa. Kila mtu wa Garrow mwenye redio aliyasikiliza masafa ya ndege kila asubuhi, jikoni na mashuani, kama wengine wanavyosikiliza mahubiri. Rhona alisikia moyo wa Clarrie Pridmore unatangazwa kwa kisiwa kizima, akajua kwamba pale uani sasa hakuna anayecheka.

Alimfungua tai. Alimshikilia bega asimwangukie rubani, akamsemesha njia nzima. Hakujua kusema na mumewe kwa njia nyingine isipokuwa kumtania, basi akamtania: mwongo wee, kondoo dume mwenyewe ni wewe, na bei yako imeshuka. Machozi yalikuwa yanamdondokea kidevuni na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Launceston ilipotokea, upepo ulikuwa unapiga ubavuni na Annie inacheza kama mlevi. Ross alihitaji mikono yote miwili, na magurudumu hayakuwa na wa kuyashusha. Akasema Annie inaweza kutua kwa tumbo, imewahi kutua hivyo na vijana wa jeshi wakatoka wanacheka, kwani magurudumu yake hata yakikunjwa hubaki yamechungulia.

"Na yeye?" Rhona akauliza. "Mtikisiko huo atauweza?"

"Sijui. Na nisingependa kujua."

Rhona akaingiza mkono katikati ya magoti ya mumewe, akakamata ule mkono wa chuma.

Hakuhesabu. Glavu zake za kwendea mjini zilichanika mapema, na baada ya glavu ikafuata ngozi. Mabega yaliwaka moto, halafu yakafa ganzi. Na huku ni kuyashusha tu, ambako uzito wenyewe unakusaidia. Clarrie aliyapandisha, kifua kikimbana, dakika chache baada ya utani wa mkewe. Alipolifikia wazo hilo akataka kuacha, mkono ukakataa, ukaendelea kuzunguka. Taa za kijani zikawaka: magurudumu yamejifunga. Ross akaiweka Annie chini taratibu kama mama anayelaza mtoto aliyemsumbua kutwa.

Jioni Clarrie alikuwa hai, kitandani, mweupe kuliko shuka. Rhona alikaa kando, mikono yote imefungwa bandeji kama bondia aliyepigwa. Chai aliyoletewa ilipoa mezani. Hakuweza kushika kikombe. Daktari alikuja akauliza maumivu yalianza lini.

"Leo asubuhi," Clarrie akasema.

Rhona hakumsahihisha. Clarrie aliingoja sauti yake, haikuja, akageuza kichwa. Akaziona zile bandeji, na damu iliyojitokeza juu yake. Alizitazama muda mrefu.

"Tangu wakati wa kunyoa kondoo," akamwambia daktari. "Kama si kabla."

Daktari akaondoka na jibu lake. Rhona alibaki nalo. Tangu kunyoa kondoo. Basi aliibeba piano ya ukumbi akiwa hivyo. Alicheza naye dansi ya mwaka mpya mpaka wapiga muziki wakaomba maji, hivyo. Alivuta waya wa ua kule mlimani, na yeye Rhona ameshika upande wa pili, anamwambia avute kama mwanamume.

"Sema kitu," Clarrie akamwomba. "Hata cha kunicheka."

Rhona akafungua mdomo. Kisha akatikisa kichwa, akasogea akakaa ukingoni mwa kitanda, bandeji moja juu ya kifua cha mumewe, anausikiliza moyo kwa mkono usiohisi kitu.