Vivuli vya Wateja wa Guru Tirtha

Jumatano, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, Guru Tirtha Joshi alibonyeza kitufe cha kijani. Dakika hiyo hakuiokota tu barabarani. Alikuwa ameipigia hesabu tangu juzi, nyota zote zikakubali, ila baraka yenyewe ilikuwa ya dakika nne tu, kuanzia dakika ya arobaini mpaka ya arobaini na nne. Alishaoga, alishavaa kofia, na kompyuta alishaipaka nukta nyekundu juu ya kioo, kama anavyopakwa mgeni wa heshima kwenye paji la uso.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuchora ramani za nyota za watu. Zamani Guru alizichora kwa mkono kwenye karatasi ndefu ya manjano, siku tatu kila moja, na mji mzima wa Bhaktapur haukuoa wala kuolewa bila karatasi hizo. Halafu ikaja kompyuta. Kwa miaka miwili alitumia programu ya wizi aliyowekewa na fundi wa simu, lakini mwezi uliopita ikaanza kuiweka Mirihi mahali pabaya kwa kila mtoto, watoto kumi na wawili mfululizo, na akina mama wakaanza kunong'ona. Akanunua ya halali.

Ya halali ilitaka kuamshwa. Kwanza alisoma tarakimu hamsini na nne kwenye simu, akimsomea mwanamke wa mashine aliyesema "asante" kila baada ya tarakimu sita. Kisha yakatokea masharti, kurasa arobaini na moja. Guru alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza mpaka kwenye maneno "ikiwa ni pamoja na", akatazama saa. Dakika moja na nusu imebaki. Baraka nyingine ingekuja baada ya siku kumi na tisa, na msimu wa harusi ulikuwa umeshaanza. Akakibonyeza kile kitufe cha kijani, Nakubali.

Programu ikaamka.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, vivuli vya wateja wake wote viliinuka, vikaondoka.

Wa kwanza kuona alikuwa Ganga, muuza mtindi. Kivuli chake kilikuwa kimelala kando ya vyungu, kikajikunja, kikajipangusa, kikashuka ngazi. Kwenye uwanja wa wafinyanzi vilitoka zaidi ya thelathini kwa mpigo. Vyote kwa jumla vilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Vilipanga mstari kwenye ukuta wa shule, vikavuka geti la mji, vikashika barabara kuu ya kwenda Kathmandu, upande wa kushoto, kwa utaratibu. Mbwa walibweka kidogo, wakachoka.

"Angalau kingeaga," alisema Ganga, akaendelea kufunika mtindi.

Waliolalamika sana ni wanawake wanaoanika pilipili, kwa sababu wao hujua wakati wa kugeuza kwa kutazama vivuli vyao. Siku hiyo pilipili ziliungua upande mmoja. Saa kumi jioni vivuli vilirudi, vina vumbi mpaka magotini, vikalala miguuni pa wenyewe. Vilikuwa na ule uchovu wa watu waliotoka kupanga foleni.

Jumamosi asubuhi Herashova Shilpakar alipanda ngazi za Guru bila kuvua shali. Huyu ni mke wa mchonga milango, na binti yake Rasila alikuwa anaolewa baada ya siku kumi na sita. Bwana harusi, Sujan wa Banepa, Rasila alikuwa amejitafutia mwenyewe, halafu akawaachia wazazi wajifanye wamemtafuta wao.

"Guru, kivuli cha mwanangu jana kilikwenda wapi?"

"Kathmandu, Mama Rasila. Kwenye kampuni. Kinahakikiwa."

"Kivuli kinahakikiwa nini?"

"Wanataka kujua kama wateja wangu ni watu wa kweli. Ni masharti ya programu."

"Uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Yote?"

Guru alifukuza inzi ambaye hakuwepo.

Herashova akasogea, akashusha sauti. "Na ile saa yetu?"

Saa yao ilikuwa hivi. Rasila alizaliwa saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri, na kwa saa hiyo Mirihi inakaa nyumba ya saba, nyumba ya ndoa. Mwanamke wa namna hiyo, watu husema, mumewe hadumu. Basi siku ile ile ya kuandikisha, miaka ishirini na sita iliyopita, Herashova alilia mpaka Guru akaandika saa kumi na dakika arobaini, na Mirihi ikahamia nyumba ya jirani. Waliojua walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mkunga, na mkunga alishafariki. Rasila mwenyewe hakuambiwa.

"Kwenye ramani imeandikwa arobaini," alisema Guru. "Mama mkwe ataletewa hiyo."

"Na kwenye kompyuta?"

Mnajimu wa kweli haitupi saa ya kweli, hata akiificha. Dua za kumpoza Mirihi hazishiki kwa saa ya uongo, na yeye kila mwaka alikuwa akimwombea Rasila kimyakimya, bila malipo. Kwa hiyo kwenye kile kisanduku cha maelezo mengine alikuwa ameandika: Saa halisi ni kumi na dakika kumi na mbili. Mama asimwambie mtu.

"Umeandika na 'asimwambie mtu'?"

"Ili nisisahau."

"Guru, si ungebandika tu kwenye geti la mji! Watu wangesoma wakiwa wananunua vitunguu!"

Wakafuta pamoja, yeye akielekeza kwa kidole, Guru akibonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: Asante kwa kutujulisha kwamba taarifa hii ni muhimu kwako. Nakala imehifadhiwa mahali salama.

Ijumaa iliyofuata Herashova alimwambia mumewe anakwenda kununua vitambaa, akaondoka na Guru nyuma ya vivuli. Kampuni ilikuwa Kathmandu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Vivuli vilijaa ngazi nzima, kila kimoja na namba yake. Cha Rasila kilikuwa na namba mia mbili na nane. Herashova alikitambua kwa jinsi kilivyosimama na mkono kiunoni.

"Mwanangu," aliiambia sakafu, "rudi nyumbani. Nitakupikia."

Kivuli hakikugeuka. Namba yake ilipoitwa, Herashova alivua shali akakifunika, akaikalia shali. Kivuli kilitoka kwa upande wa pili, kikaketi kwenye kiti mbele ya karani. Karani alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, kikombe cha chai pembeni. Kivuli kikaongea dakika kumi na moja kwa sauti ya Rasila, ya chini, bila kukatizwa. Kilitaja saa kumi na dakika kumi na mbili. Kilitaja kwamba Rasila na Sujan walifahamiana miaka miwili kabla ya kutambulishwa. Kilitaja namba ya kiatu, dawa ya kipandauso, na kwamba achari ya figili ya mama yake huwa anaitema dirishani.

"Anaitema?" aliuliza Herashova.

"Tangu darasa la sita," alisema karani, akiendelea kuandika.

Guru akajikohoza. "Bwana mdogo, hii mnayoandika ni siri ya mteja wangu."

"Naelewa, Guru. Ndiyo maana tunaitunza."

"Mnamuuzia nani?"

"Hatuuzi hata kidogo. Tunawashirikisha washirika wetu."

"Washirika gani hao?" aliuliza Herashova.

Karani akaweka kalamu chini, kwa mara ya kwanza akaonekana kukwazika. "Mama, hilo siwezi kukutajia. Watu wana faragha yao."

Akampa Herashova shali yake, akaita namba mia mbili na tisa.

Siku tano zilipita, na Herashova hakula. Kila simu ikilia alikuwa wa kwanza kuifikia, hata ya mumewe. Rasila alikuwa anapimwa blauzi ya harusi, amenyoosha mikono, anamcheka. "Mama, ninayeolewa ni mimi. Wewe unatetemeka nini?"

"Baridi."

"Baridi gani na jua lote hili?"

Jumatano mama yake Sujan alifika kutoka Banepa bila taarifa na bila zawadi. Hakuketi. Alitoa simu ya mwanawe mkobani, akaisoma kwa sauti, kwa kuwa Herashova hakuwa na miwani.

"Ndugu Sujan, hongera kwa harusi yako na Rasila Shilpakar, mzaliwa wa saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri. Kwa kuzingatia hali ya mke mtarajiwa, tunakushauri uchukue bima ya maisha kabla ya siku ya ndoa. Ukijiunga wiki hii utapata mwavuli."

Chini, mchonga milango aliendelea kugonga patasi.

"Mimi nililetewa karatasi imeandikwa arobaini," alisema mama yake Sujan.

"Dada yangu, sikiliza..."

"Usiniite dada. Dada hamwekei mwenzake kaburi la mwana chumbani."

"Rasila aliozwa tunda la beli akiwa na miaka saba, kama wasichana wote wa kwetu! Mume wake wa kwanza ni tunda, tunda halifi. Mjane atakuwa vipi?"

"Na hilo tunda liko wapi?"

Herashova akatazama pembeni. Tunda lilipasuka mwaka wa pili, wakalipeleka mtoni.

"Ehe," alisema mama yake Sujan, akarudisha simu mkobani.

Rasila alikuwa amesimama kwenye ngazi, pini za fundi zikiwa bado begani. Ndivyo alivyoijua saa aliyozaliwa.

Sujan alikuja mara moja, kesho yake. Alisimama uani, kivuli chake kizima chini ya miguu, maana kwao walikuwa na mnajimu mwingine, mzee asiyetaka kusikia habari za kompyuta.

"Mimi sijali," alisema. "Lakini mama hali chakula."

"Na wa kwangu hali," alisema Rasila. "Wakutane basi wasile pamoja."

Sujan alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaondoka. Siku ya harusi ilipita kama siku nyingine, isipokuwa kwamba mtindi wa wageni mia mbili ulishaagizwa, na Ganga aliugawa mtaani.

Sasa mji umezoea. Wanaoanika pilipili wamenunua saa ya ukutani. Ijumaa mwalimu wa shule hafundishi uani saa tatu, kwa sababu vivuli vikipita watoto huvihesabu badala ya kusoma. Guru alijaribu kurudi kwenye karatasi ya manjano, lakini mkono ulishasahau, na wateja wanataka haraka. Programu itahitaji kuamshwa upya mwezi wa nne. Ameshatafuta dakika nzuri. Safari hii amepata sita, na anasema huenda akafika ukurasa wa tatu.

Rasila hupokea jumbe kila siku: pete za kumpoza Mirihi, dawa ya kipandauso, achari ya dukani, wanaume waliokwisha kufiwa na wake zao wanaotafuta mke. Amekoma kuzifuta, kwa sababu akifuta moja, hushukuriwa kwa tatu.

Kila Ijumaa saa kumi jioni huenda getini kukisubiri kivuli chake, kama mtu anayempokea mdogo wake kutoka shule. Huja na chupa ya maji, humwaga kidogo chini pale kinaposimama, vumbi litoke.

"Leo wamekuuliza nini?"

Kivuli huketi kando yake ukutani, mkono kiunoni.

"Niambie basi. Si ni mambo yangu?"

Kivuli hutikisa kichwa, taratibu, kwa huzuni kabisa. Masharti hayakiruhusu. Halafu hujilaza miguuni pake, na wote wawili hurudi nyumbani.