Mlango Uliobandikwa Wito

Amri ya mahakama ililetwa na dalali mwenye koti lililombana, wakati Mama Bawaba anapaka vanishi. Dalali aliisoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kuchukiwa: kiwanja cha karakana ni mali ya jirani mwenye maghala, hukumu imetoka, mdaiwa hakufika kujitetea, na Ijumaa atarudi na vijana wa kutoa vitu nje. Mama Bawaba akamuuliza kesi hiyo ilisikilizwa lini. Dalali akajibu kwamba yeye hasikilizi kesi, yeye hubeba meza.

Kiwanja kile alikinunua mwenyewe, baada ya kufiwa na mumewe. Mtaa mzima ulimcheka, mwanamke na randa wapi na wapi, halafu mtaa uleule ukaanza kuagiza milango kwake na kumbandika jina la Bawaba. Kumbe jirani alikuwa amekwenda mahakamani peke yake, akasema peke yake, akashinda peke yake.

Jioni kaka yake, mwalimu mstaafu, alifika akiwa amekwisha kuamua. Rufaa. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja mkwe tajiri. Waende mahakama ya juu, wasimame mbele ya majaji, huyu hakimu aumbuliwe na wakubwa zake.

"Na kama nikirudi kwake huyuhuyu?" dada yake aliuliza.

"Mtu amekuzaba kofi, unamrudia umuulize kama liliuma?"

Kesho yake walikwenda kwa wakili, binti mwembamba mwenye ofisi juu ya duka la dawa, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amepitia jalada la kesi. Aliwaeleza bila kuremba. Kwenye rufaa, majaji wangesoma yaliyosemwa mahakama ya chini na kupima kama hakimu aliyaamua sawasawa. Tatizo ni kwamba humo ndani hamna hata neno moja la Mama Bawaba. Lakini hukumu iliyotolewa upande mmoja ukiwa haupo, sheria inaruhusu kumrudia hakimu aliyeitoa na kumwomba aitengue, mradi uwe na sababu ya maana ya kutofika.

"Sababu ni kwamba sikuitwa," alisema Mama Bawaba.

Wakili akasema hapo ndipo penye kazi. Tarishi wa mahakama ameapa kwamba hakumkuta mtu, akaubandika wito kwenye mlango wa karakana, na picha aliipiga. Akamwonyesha kwenye simu.

Mama Bawaba aliitazama, akacheka mpaka kaka yake akakereka. Karakana yake haina mlango. Ni banda la kuta tatu, mbele wazi, usiku linafungwa kwa mnyororo. Mlango wa kwenye picha ulikuwa bidhaa, umeegemezwa nguzo ukisubiri mnunuzi. Na mnunuzi alikuwa amepatikana siku ileile: msusi wa mtaa wa pili, aliyekuja na mkokoteni wakati Mama Bawaba yuko dukani kutafuta misumari, akamlipa fundi msaidizi aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kula, na kuondoka nao.

Walimkuta msusi saluni, mlango ukiwa umeshapachikwa bafuni. Karatasi aliiona, akaibandua na kuitupa.

"Nilidhani ni maelezo ya kuutunza," alisema. "Nani anasoma yale?"

Alikubali kula kiapo. Kaka mtu bado alinung'unika njia nzima kwamba hakimu atakasirika kuambiwa amri yake ina kasoro.

"Akasirike," dada yake alisema, "ila anikasirikie nikiwa mbele yake."

Wakili aliomba shauri lisikilizwe haraka, wakapangiwa Alhamisi. Wakili wa jirani alisimama kwanza, akasema mahakama hii imekwisha maliza kazi yake na haiwezi kujikatia rufaa yenyewe. Mwenye kinyongo aende juu, njia iko wazi. Wakili binti akajibu kwamba hawabishii uamuzi, wanabishia kuamuliwa bila wao kuwepo.

Hakimu alisoma kiapo cha msusi, akaitazama ile picha ya mlango, akamwita tarishi. "Ulipofika ulibisha hodi?"

"Nilibisha, mheshimiwa."

"Kwenye mlango huo?"

"Huohuo."

Watu wa benchi la nyuma walicheka, karani akawakanya huku naye ameinamisha uso. Hakimu hakucheka. Alimgeukia Mama Bawaba, akamuuliza kama anadai mahakama imekosea. Nyuma yake kaka yake alikohoa, kikohozi cha kumwambia jishushe.

"Mheshimiwa, nadai umesikia mtu mmoja ukadhani umesikia wawili. Hukujua. Sasa unajua. Nikienda kwa majaji watasoma maneno ya jirani yangu tu, maana yangu hayamo. Sikuja kuomba huruma. Nimefuata zamu yangu ya kusema, na iko hapa kwako."

Hakimu alivua miwani, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma: hukumu na amri zake zimetenguliwa, dalali asiguse kitu, kesi inaanza upya, mdaiwa alete utetezi wake kwa maandishi. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyeitarajia.

Nje kwenye ngazi kaka yake alimkumbusha kwamba kiwanja hajakishinda. Jirani, akipita na wakili wake, akaongeza kwamba mama amejinunulia muda tu, mwisho utakuwa uleule.

"Huenda," alisema Mama Bawaba. "Lakini safari hii utakapoapa kwamba ni chako, utaapa nikikutazama usoni."

Jirani akaharakisha kushuka. Kaka mtu alitaka waende nyumbani wakapumzike kwanza. Mama Bawaba alikuwa ameshaketi kwenye benchi la korido, amemvutia wakili karibu.

"Toa kalamu, mwanangu. Tuanze na siku niliyokinunua."