Buluu wa Wirrabel

Jiwe la ukumbusho liliposhushwa nyuma ya ukumbi, Bi Merle alivaa miwani akasoma jina lililochongwa. Kisha akamgeukia Trevor, mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu.

"Huyu Clarence ndiye nani?"

"Si kaka yako, Bi Merle? Rubani Clarence Hubert Tuckwell."

"Mwalimu tu ndiye aliyemwita Clarence, tena akiwa ameshika fimbo. Hapa Wirrabel alikuwa Buluu."

Nywele za kaka yake zilikuwa nyekundu kama bati lililoshika kutu, na kwao mwenye nywele nyekundu ndiye huitwa Buluu. Ukiuliza kwa nini, watakucheka. Ndege yake iliangukia baharini wakati wa vita, Merle akiwa bado mtoto, na mwili haukuonekana. Hakuwa na kaburi la kupalilia. Sasa amezeeka, amepata jiwe, na jiwe lenyewe linamtaja mgeni.

"Kwenye jiwe huandikwa jina la cheti," Trevor alisema kwa upole. "Buluu tunawaita hata mbwa."

"Basi mbwa wenu wana bahati."

Siku ya uzinduzi wakulima wa ngano walikuja na wake zao, kofia mikononi. Bi Merle aliivuta bendera iliyofunika jiwe kama alivyoombwa, akarudi kitini. Mzee Perce, aliyekaa dawati moja na Buluu shuleni, akasogea na mkongojo wake, akasoma polepole. Akageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi, mzee?" Trevor akamwuliza.

"Nyumbani. Nimekosea shughuli. Mimi nilikuja kwa Buluu."

"Ndiye huyu."

"Huyu simjui. Buluu alining'oa jino kwa mpira wa kriketi. Huyu Clarence hajawahi hata kunigusa."

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma akasema hata yeye alidhani ni rubani wa mji mwingine. Trevor alikuna kichwa, akachuchumaa mbele ya jiwe, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki chini ya jina.

"Bi Merle, Buluu ataenea hapa kweli?"

"Ataenea. Alikuwa mwembamba."

Wiki iliyofuata mchonga mawe alikuja kuliongeza jina la Buluu. Bi Merle alikuja na kiti chake na chupa ya chai, akakaa naye mpaka herufi ya mwisho. Mchongaji alipoondoka, Bi Merle alilifuta jiwe vumbi kwa kitambaa cha jikoni, akapiga magoti taratibu, akaanza kung'oa majani pembeni yake.